Nyaraka za Taifa Kilimani, Unguja: Tathmini kwa Mwenye Karatasi za Wazee Nyumbani

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina sanduku, mkoba au bahasha ya karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo hakuna aliyebaki nyumbani anayeweza kuzisoma, na tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya familia hizo kuliko kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao tayari wanaijua njia. Huduma ninayoizungumzia ni ya Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ambazo wengi wetu huziita kwa jina la mtaa tu, Kilimani. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu anayetafuta habari za mali, mirathi, wakfu na nasaba za watu wa visiwani, sijaona mahali panapopita hapo, na inanisikitisha kwamba mezani mara nyingi wageni kutoka nje huwa wengi kuliko wenyeji ambao babu zao wametajwa ndani ya mafaili yale. Karatasi moja iliyobaki nyumbani ni kama shahidi mmoja mbele ya kadhi, kwani husema jambo lake lakini haina wa kuiunga mkono. Kilimani ndipo inapowapata wenzake.

Jengo liko nje kidogo ya Mji Mkongwe, ukishapita Mnazi Mmoja na ile nyumba ya makumbusho ya Beit el Amani iliyofunguliwa 1925. Dafina iliyohifadhiwa humo imetambuliwa na dunia, kwa kuwa mwaka 2003 UNESCO iliuingiza mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu vya Kilimani katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Humo mna vitabu vya fiqhi ya madhehebu ya Kiibadhi na ya Kishafii, nahau, tiba, falaki, mashairi na nyuradi, baadhi vikiwa vimenakiliwa kwa mkono na wanavyuoni wa hapa hapa, na vingine vikiwa vimepigwa chapa katika mtambo ulioletwa na Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Pamoja na hivyo kuna barua za masultani na maliwali wao wa mwambao, kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza uliofunguliwa Unguja 1841, za ubalozi wa Ujerumani, mafaili ya sekretarieti ya zama za himaya, ya mahakama, ya Kamisheni ya Wakfu, ramani, picha na magazeti, likiwemo gazeti rasmi la serikali lililoanza kutoka 1892.

Wasomi huivamia zaidi ile miswada ya vitabu, nao wana sababu zao. Mimi namshauri mtu wa kawaida aanzie kwingine, kwenye madaftari ya hati zilizosajiliwa, ambayo katika orodha ya Kilimani yanapatikana chini ya alama ya AM. Hati hizo ni za mauzo, rehani, mikopo, mikataba ya kupangisha na hiba, na zilisajiliwa ubalozini hasa kwa sababu mmoja wa wahusika, mara nyingi mkopeshaji, alikuwa Mhindi aliyehesabiwa kuwa raia wa Uingereza. Kwa njia hiyo, familia za Waarabu, Waswahili, Washihiri na Wangazija, ambazo hazikuwa na haja yoyote na ubalozi, ziliacha majina yao katika madaftari ya ubalozi kwa sababu ya kukopa.

Inafaa nieleze namna hati hizo zilivyofanya kazi, kwani asiyelijua jambo hili ataisoma hati ya babu yake na kudhani mzee aliuza shamba, kumbe hakuliuza. Sheria ya Kiislamu inaharamisha riba. Mtu aliyehitaji fedha alikuwa akimwuzia mkopeshaji shamba au nyumba kwa bei ya khiyari, yaani kwa sharti kwamba akirejesha kiasi kile kile cha riale katika muda uliotajwa, mali inarudi kwake. Katika muda huo mwenye mali kwa kawaida hakuhama. Aliendelea kukaa humo humo kama mpangaji na kumlipa mnunuzi kodi, na hiyo kodi ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo. Kwa hiyo hati ya mauzo huenda pamoja na hati ya ijara, yaani ya kupangisha, wakati mwingine nyuma ya karatasi hiyo hiyo, na aliye na moja nyumbani bila ya nyingine ana nusu tu ya habari. Madaftari ya Kilimani yana faida kubwa hapa, kwa sababu hati zilinakiliwa moja baada ya nyingine kadiri zilivyoletwa, na ile ya pili mara nyingi haiko mbali na ya kwanza.

Hati iliyonipeleka mimi ilikuwa katika sanduku la shangazi yangu. Ni karatasi moja nene, imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kutoboka, wino wake umegeuka rangi ya kahawia, na juu kabisa, kabla ya bismillahi, pana mwandiko mwingine wa kalamu nyembamba, ambao ni wa kadhi anayethibitisha kwamba maneno yaliyo chini ni sahihi. Baada ya hapo maandishi yanafuata utaratibu ambao mtu akishausoma mara moja atautambua katika hati nyingine zote: amekiri fulani bin fulani kwamba amemwuzia fulani shamba lake lililo mahali fulani, pamoja na minazi na mikarafuu yake, kwa riale kadhaa, kwa bei ya khiyari hadi muda kadhaa, kisha inatajwa mipaka minne, kisha tarehe, kisha jina la mwandishi kwa mkono wake. Mipaka ndiyo sehemu ambayo msomaji wa leo hujikwaa, kwa kuwa hati hazisemi kaskazini na kusini. Zinasema kibla, suheli, matlai na magharibi, na kwa kuwa sisi Makka iko kaskazini yetu, kibla ya hati ni kaskazini ya ramani, suheli ni kusini, na matlai ni mashariki.

Tarehe ya hati yetu ni Rajab 1289. Mwaka huo wa Hijria ulianza Machi 1872, na mwezi wa Safar wa mwaka huo, yaani Aprili 1872, ndipo tufani kubwa ilipoikumba Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Mzee wetu alikopa miezi mitano baada ya tufani. Nyumbani hakuna aliyekuwa akilijua hilo. Lililosimuliwa ni kwamba mzee alikuwa mtumiaji wa fedha ovyo na akalipoteza shamba kwa Mhindi. Nilipokaa na daftari la miezi ile na kupitisha macho ukurasa hadi ukurasa, niliona khiyari juu ya khiyari za mashamba ya Unguja, za watu wa kila kabila, na ile hadithi ya nyumbani sikuweza tena kuishika kama nilivyoipokea. Hati ya mzee wetu yenyewe sikuikuta katika daftari. Nilichokikuta ni hati ya mtu mwingine kabisa, ambaye shamba lake linapakana upande wa matlai na shamba la fulani bin fulani, na huyo fulani ndiye mzee wetu, ametajwa kwa jina lake, la baba yake na la kabila lake, kama mwenye shamba, katika tarehe ya baadaye kuliko muda wa khiyari yake. Kwa hiyo alikopa na akalipa, au angalau jirani zake walikuwa bado wanamhesabu kuwa ndiye mwenye mali.

Hilo ndilo ninalowaomba wanaokwenda Kilimani walizingatie kuliko jingine lolote. Mtafute mzee wako katika hati zake, lakini mtafute pia katika mipaka ya hati za jirani zake. Mtu ambaye hakukopa wala hakuuza hana hati ya jina lake, lakini shamba lake lilikuwa na majirani wanne, na mmojawao hakukosa kwenda kwa kadhi. Ni kazi ya polepole, kwa sababu orodha hutaja wahusika wakuu wa hati na haitaji waliokuwa mipakani, na hakuna njia ila kusoma. Anayetaka kujibiwa swali lake kabla ya adhuhuri atoke na karatasi mkononi, atavunjika moyo.

Baada ya madaftari ya hati, mahali pa pili penye mavuno kwa familia ni mafaili ya mahakama, alama HC, na ya Kamisheni ya Wakfu, alama HD. Faili la mirathi lina thamani ambayo hati ya shamba haiwezi kuwa nayo, kwa sababu lilifunguliwa ili kugawa, na kabla ya kugawa lilibidi kuhesabu. Warithi wametajwa mmoja mmoja kwa uhusiano wao na marehemu, wajane na watoto wa kike pamoja, na vitu vya nyumbani vimeandikwa hadi masinia na mapambo ya wanawake. Katika nasaba nyingi za nyumbani, ambazo hupanda kwa baba peke yake, wanawake hawaonekani. Katika mafaili haya wanaonekana kwa majina yao, wakidai, wakipewa, wakiwakilishwa na mawakili wao, na wakati mwingine wakimkana wakili kwa kusema hawakumtuma.

Wakfu nao una habari zake. Kamisheni iliundwa 1905 ili kusimamia mali zilizowekwa wakfu, na ili kuzisimamia ilibidi kuuliza kila nyumba na kila shamba liliwekwa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa ushahidi gani. Majibu yake ndiyo yamo katika mafaili. Wanawake wenye mali waliweka nyumba wakfu kwa wingi, kwa msikiti, kwa masomo, kwa kusomewa khitma, kwa watoto na wajukuu. Na wapo walioweka nyumba au sehemu ya shamba wakfu kwa watumwa wao waliowaacha huru na kwa vizazi vyao. Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu mazungumzo ya nyaraka za familia visiwani huelekea kuwa mazungumzo ya familia zilizokuwa na mali, kana kwamba waliofanya kazi katika mashamba yale hawakuacha kumbukumbu. Waliacha, ila wameandikwa kwa namna nyingine. Mtu ameandikwa Feruzi au Mabruki au Zafarani, huru wa fulani, bila ya jina la kabila, na mara nyingine bila ya jina la baba. Anayetafuta ukoo wake kwa jina la ukoo hatampata huyo mtu hata akae Kilimani mwaka mzima. Atampata akitafuta kwa jina la aliyekuwa akimmiliki, jambo ambalo ni zito kwa mjukuu kulifanya, na sioni busara ya kulificha uzito wake. Kuna pia kumbukumbu za ubalozi za watu walioachwa huru kutoka kwa Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza katika zama za balozi Rigby, kuanzia 1860, na kumbukumbu za walioomba uhuru wao baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Kwa familia nyingi za Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na za mashamba, hizi ndizo karatasi zao za familia, ingawa hazikuwahi kuwekwa katika sanduku la nyumba yoyote.

Sasa niseme ninayoona yanafaa kurekebishwa. Mafaili yamepangwa kwa kufuata ofisi iliyoyaunda, kama ilivyo desturi ya hifadhi zote za nyaraka duniani, na desturi hiyo ina maana yake kwa sababu inaonyesha karatasi ilitoka wapi na kwa kazi gani. Lakini mwananchi hafikiri kwa ofisi. Anafikiri kwa mtaa, kijiji na ukoo, na orodha zilizorithiwa kutoka zama za Waingereza, zilizoandikwa kwa Kiingereza, hazimjibu kwa lugha yake wala kwa mpangilio wa maisha yake. Jina la mahali huandikwa kwa tahajia tatu au nne. Majina ya Kiarabu yamepitia sikio la karani wa Kiingereza, kisha mashine ya taipu, na anayetafuta lazima ajaribu kila namna ambayo karani angeweza kulisikia jina hilo. Mwongozo mfupi wa Kiswahili, wa kurasa chache, unaoeleza ni wapi pa kuanzia kwa mwenye swali la shamba, la nyumba, la wakfu au la nasaba, ungewafungulia mlango watu ambao leo wanafika, wanaiona orodha, na hawarudi tena. Kazi kama hiyo haihitaji mitambo wala wafadhili. Inahitaji mtu mmoja anayeyajua mafaili na mwingine anayejua maswali ya watu.

Huduma ya mezani yenyewe ni ya kuridhisha kwa anayejua anachokitafuta. Unatazama orodha, unaandika alama na namba ya faili, unaletewa, unasoma hapo hapo kwa utulivu, kwa penseli na kwa mikono safi. Kuhusu kibali, ada na ruhusa ya kupiga picha, ni bora kuuliza siku ya kwanza kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa kanuni hizo hubadilika, na zinamtofautisha mwenyeji na mtafiti kutoka nje, ambaye lazima awe na kibali cha utafiti cha serikali. Utajiri mkubwa wa pale ni watu. Wahifadhi waliokaa na mafaili miaka mingi wanajua mambo ambayo hayako katika orodha yoyote, kama vile daftari gani lina mwandiko wa nani, na faili gani lina kichwa kisichofanana na yaliyomo. Mweleze mhifadhi kisa chako chote, usimtajie jina tu. Nilipotaja jina nilielekezwa kwenye orodha. Nilipoeleza tufani, shamba na khiyari, nilielekezwa kwenye daftari.

Kikwazo ambacho hifadhi haiwezi kukiondoa peke yake ni usomaji. Maandishi ya hati hayana nukta nyingi, makadhi walikuwa na mikato yao, na Kiarabu cha hati kimechanganyika na maneno ya Kiswahili ya miti, nyumba na mahali, ambayo mtu aliyejifunza Kiarabu nje ya nchi huyapita bila ya kuyaelewa. Ikiwa hakuna msomaji katika familia, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyezoea vitabu vya zamani anaweza kukufaa kuliko mfasiri wa ofisini. Inasaidia pia kuwajua makadhi wenyewe. Palikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii, na mtu kama Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyefariki 1896 baada ya kuwatumikia masultani kadhaa, ana mwandiko ambao msomaji mwenye subira huanza kuutambua. Ukishamjua kadhi, tarehe iliyofutika inaweza kukadiriwa.

Si kila familia ya mwambao ianzie Unguja. Kwa watu wa Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh na kuwa kitovu cha masomo na cha maulidi ya Lamu, imepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini na inaonekana kwa intaneti, huku miswada yenyewe ikiwa imebaki kwao, jambo ninaloliona kuwa la haki zaidi kuliko utaratibu wa zamani. Mfano wa huo wa zamani ni Mombasa. Mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyokusanywa na mmisionari W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, pamoja na makusanyo ya William Hichens, yaliishia London, katika chuo cha SOAS, ambako yamehifadhiwa vizuri na baadhi yake yanaonekana mtandaoni, lakini mjukuu wa Mombasa anayetaka kuigusa karatasi lazima apande ndege. Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu uliotokana na nyumba za mwambao, na J. W. T. Allen aliutolea katalogi 1970. Katalogi hiyo ni bora kwa tenzi na mashairi. Hakuna kati ya hizo zote inayomfaa mwenye swali la shamba. Kwa shamba, nyumba na mirathi ya visiwani, jibu ni Kilimani, na kwa familia zilizotawanyika baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 huenda nusu ya pili ya jibu iko Muscat, ambako mamlaka ya nyaraka ya Oman, iliyoundwa 2007, husajili nyaraka zilizo mikononi mwa watu binafsi.

Kuna jambo la utunzaji ambalo siwezi kuliacha, kwa sababu limetuumiza. Wasia mmoja wa familia yetu ulipelekwa na kijana wetu katika duka la fotokopi ili "uhifadhiwe", na mwenye duka akaupitisha katika mashine ya kuufunika kwa plastiki. Joto liliufanya wino wa pembeni uenee, na plastiki ile haiwezi kutolewa bila ya kuichana karatasi. Vile vile karatasi ya zamani isipigwe pasi, isibandikwe kwa gundi ya utepe, isiachwe katika mfuko wa nailoni unaofungia unyevu ndani. Ikunjuliwe polepole, iwekwe bapa ndani ya bahasha ya karatasi safi, mahali pakavu ambapo mchwa na panya hawafiki, na ipigwe picha pande zote mbili kwa mwanga wa mchana, kwa kuwa nyuma ya hati ndiko kwenye maelezo ya malipo na ya kukombolewa kwa mali. Kabla ya kumwuzia au kumpa mtu kitabu cha mkono, tazama ukurasa wa mwanzo na wa mwisho. Vingi vina maneno ya wakfu, na kitabu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hata mnunuzi akiwa na fedha taslimu mkononi na heshima zote usoni.

Wanaofikiria kuikabidhi hifadhi karatasi zao, maoni yangu ni kwamba wafanye hivyo wakiwa wamekubaliana ndani ya familia na kwa maandishi. Orodha ya kila karatasi iandikwe kabla ya sanduku kutoka nyumbani, ikitaja ukubwa wake, tarehe yake ikiwa inasomeka, na mistari yake ya kwanza. Nakala za picha zibaki kwa zaidi ya mtu mmoja. Na stakabadhi ya makabidhiano iseme wazi ikiwa karatasi zimetolewa moja kwa moja au zimewekwa amana, na nani katika familia ana haki ya kuziona au kuzirudisha. Wasioridhika kuzitoa wanaweza kuomba zipigwe picha na kurudishwa, na angalau wapeleke maelezo ya mdomo ya wazee, kwa sababu hati haisemi shamba lile leo linaitwaje. Shangazi yangu anajua kwamba mahali palipotajwa katika hati yetu kwa jina la mnazi fulani sasa pana skuli, naye ndiye wa mwisho kulijua hilo. Nimeliandika, pamoja na jina la aliyelisema na tarehe, na nimelitia ndani ya bahasha moja na hati. Hatua yangu inayofuata ni mafaili ya HD, kwa kuwa mstari wa mwisho nyuma ya karatasi yetu, ulioandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, unataja sehemu ya minazi iliyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti wa kijiji, na Kamisheni ilipoundwa 1905 lazima mtu aliulizwa habari zake.